Unga Mweupe Kwenye Mzabibu wa Igoki

Katika kijiji hicho asubuhi haikuletwa na jogoo. Ililetwa na lango. Jogoo aliweza kuwika mpaka koo likamkauka, lakini kama askari hajashusha daraja la magogo juu ya handaki, hakuna aliyetoka kwenda popote.

Ilikuwa miaka ya Hali ya Hatari. Serikali ya wakoloni iliwahamisha watu kutoka vilimani walikoishi, kila ukoo na kilima chake, ikawakusanya katika kijiji kimoja karibu na Kanja, huko Embu. Nyumba zilibanana kama punje za mahindi kwenye gunzi. Ukipiga chafya kwako, jirani alikuombea afya kupitia ukutani. Kuzunguka kijiji chote palichimbwa handaki, na ndani yake pakasimikwa vijiti vilivyochongwa ncha.

Igoki aliishi katika mojawapo ya nyumba hizo pamoja na mama mkwe wake, Teresia, na mwanawe mdogo, Mbogo. Mumewe, Njuki, alikuwa kizuizini, mahali pa joto na vumbi ambapo Igoki alipajua kwa jina tu.

Mtoto Mbogo alipewa jina la babu yake, kama desturi ilivyo. Kwa hiyo Teresia hakumwita mjukuu. Alimwita mume wangu.

"Mume wangu ameamka na njaa," Teresia alisema asubuhi moja, akikoroga uji. "Mama Mbogo, nipe kikombe chake kabla hajaenda kuoa mwingine."

"Ataoa nani, mama, na hata kutembea hajajua vizuri?"

"Wanaume hawahitaji miguu kwa jambo hilo."

Igoki alicheka. Alichukua kiondo na jembe, akashika njia ya langoni.

Wanawake wengine walitoka kwa makundi, saa chache tu, askari wakiwa nyuma yao. Igoki alikuwa na bahati yake. Alikuwa na cheti. Cheti hicho kilimruhusu kwenda kila asubuhi kwenye shamba lake la zamani na kurudi jua likiwa utosini. Kilimruhusu pia kwenda na mtu mmoja wa kumsaidia.

Cheti hakikutolewa kwa sababu ya Igoki. Kilitolewa kwa sababu ya mzabibu.

Njuki alikuwa seremala wa misheni. Mwaka aliooa, mapadri walimpa kijiti cha mzabibu, naye akakipanda kando ya jiko. Kijiti kikashika, kikatambaa, kikapanda juu ya mti wa muringa. Kisha watu wakahamishwa. Nyumba ya Njuki ilichomwa moto. Migomba ilikatwa yote ili asipatikane mtu wa kujificha ndani yake. Mzabibu ukasalia, umeukumbatia muringa kama mtoto shingoni mwa mamaye. Siku hiyo Igoki aliapa moyoni kwamba panga halitaugusa.

Mizabibu ya misheni yenyewe ilikufa. Padri alitaka divai ya misa itokane na zabibu za hapa hapa, akamwombea Igoki ruhusa ya kuutunza ule mmoja uliobaki.

Na chini ya mzabibu, Igoki alilima. Alipanda nduma kwenye majimaji, viazi vitamu mteremkoni, na mboga kati yake. Kiondo chake kilirudi kimejaa. Watu watatu walikula kutoka kiondo hicho.

Langoni alisimama Kiambi, askari kijana mwenye koti lililokuwa kubwa kuliko yeye.

"Mama wa divai," Kiambi alisema. "Leo utaniletea kikombe?"

"Matunda bado machanga. Utakunywa ukali mtupu."

"Basi yasichelewe. Padri anakuja kutazama yakiiva. Akikuta majani matupu, hicho cheti kitarudi juu ya meza ya bwana mkubwa. Mimi sina neno. Mimi nafungua na kufunga tu."

Alisema kwa mzaha. Lakini Igoki alivuka daraja akiwa hana mzaha wowote moyoni.

Kwa sababu mzabibu ulikuwa na jambo.

Lilianza polepole, na lilianza kwa sura ya heri. Watu wa Embu na Meru wanajua kazi ya jivu. Maharagwe yakipakwa jivu hayaliwi na fukusi. Sukuma wiki ikinyunyiziwa jivu, viwavi huhama. Igoki alipoona wadudu wadogo kwenye mzabibu, alibeba jivu la mekoni mwake ndani ya kitambaa, akaunyunyizia. Majani yakawa meupe. Akafurahi. Siku zikapita, majani yakazidi kuwa meupe, naye akazidi kulishukuru jivu lake. Mvua fupi ilinyesha. Weupe haukuondoka. Igoki akasema kwamba jivu la mti wa mkoimbi lina nguvu.

Asubuhi hiyo alifunua majani akaangalia vishada. Zabibu ndogo za kijani zilikuwa zimepakwa unga. Baadhi zilikuwa ngumu kama kokoto. Nyingine zilipasuka, na mbegu ikaonekana katikati ya ufa.

Igoki aliyaachia majani yakavifunika tena. Jivu halipasui matunda.

Juma hilo hilo akafika Felicitas.

Felicitas alitoka Meru, pande za Timau, kwenye baridi. Alikuwa mwalimu wa bustani wa misheni, mwanamke mpana, mwenye viatu vya mpira vya kiume na kofia ya majani. Alisomeshwa kazi hiyo na misheni, na sasa alizunguka kijiji hadi kijiji kwa cheti chake mwenyewe, akiwafundisha wanawake kilimo cha mboga. Alisema Kiswahili chenye Kimeru ndani, na hakumwonea mtu haya.

Igoki alimwongoza mpaka kwenye mzabibu. Felicitas aliuzunguka mara moja, kisha akaingiza kichwa chote ndani ya majani, akanusa.

"Humu ndani mnanuka kama nguo iliyokunjwa ikiwa mbichi," alisema alipotoka. "Huu weupe unauita nini?"

"Jivu. Nililiweka mwenyewe."

"Ulinyunyizia hata chini ya majani?"

"Hapana."

"Na ndani ya vishada?"

"Hapana."

"Basi jivu lako limejifunza kutembea." Felicitas aliinamisha tawi moja. "Njoo tuliulize. Puliza hapa, kwa nguvu."

Igoki alipuliza. Vumbi kidogo la kijivu liliruka. Weupe mwingine ulibaki palepale.

"Lililoruka ndilo jivu lako," Felicitas alisema. "Lililobaki si lako. Sasa pangusa kwa kidole."

Igoki alipangusa. Unga ulimshika kidoleni, laini kama unga wa mtama. Chini yake jani lilikuwa limefifia, lina mabaka ya kahawia. Kisha Felicitas akamwonyesha majani machanga kwenye ncha za matawi. Yalikuwa yamejikunja kama viganja vya mtu anayekinga maji.

"Huu ni ugonjwa," alisema. "Unaitwa ubwiri unga. Ni aina ya ukungu, kama ule unaoota kwenye mkate uliosahauliwa. Mbegu zake ni ndogo, huzioni. Hupeperushwa na upepo, zikitua kwenye jani zinaanza kulinyonya. Jani likidhoofika, tunda halipati chakula. Ganda la tunda linakuwa gumu, nyama ya ndani inataka kukua, ganda linakataa. Linapasuka. Ndiyo hayo uliyoyaona."

"Lakini mvua imekuwa kidogo," Igoki alisema. "Mimi nilijua ukungu ni wa maji."

"Mwingine ndio. Huu hauhitaji jani lililolowa. Unapenda kivuli, joto kidogo, na hewa isiyotembea. Na hapa," Felicitas alipiga kofi juu ya lile rundo la majani, "umeujengea nyumba, ukaweka na pazia."

Igoki alitazama shina. "Mbolea nayo? Nimeujazia samadi shinani."

"Nyingi?"

"Kila nikiipata."

"Samadi ikizidi, unapata majani mengi, mabichi, laini. Ugonjwa unayapenda kama mtu asiye na meno anavyopenda viazi. Weka kidogo, mara moja kwa mwaka, baada ya mavuno." Felicitas alifungua mfuko wake, akatoa kisu kidogo kilichopinda. "Sasa tukate."

Igoki alijikuta amesimama kati ya kisu na mzabibu.

"Usikate."

"Kwa nini?"

Igoki hakutaka kusema, lakini maneno yalitoka. "Huko nyuma walikata kila kitu. Migomba, miwa, hata ua la mama mkwe wangu. Hiki ndicho kitu kimoja ambacho chuma hakijakigusa. Nilikiahidi."

Felicitas alikiteremsha kisu. Alikaa juu ya jiwe, akavua kofia. Kwa muda alikuwa mwanamke tu, wala si mwalimu.

"Waliokata hapa walikata ili kitu kisiote tena," alisema. "Mimi nakata ili kiote. Mkono ni mmoja, chuma ni kimoja, lakini nia si moja. Mzabibu ni mti unaotaka kisu. Usipoukata, unajifunika mwenyewe mpaka unajiziba pumzi." Alimpa Igoki kisu, mpini mbele. "Basi nisikate mimi. Kata wewe. Wewe hutaukata kwa ubaya."

Igoki alikishika. Tawi la kwanza lilimuuma kama limekatwa mwilini mwake. La pili lilimuuma kidogo. La tatu alilichagua mwenyewe kabla ya kuonyeshwa.

Felicitas alimwelekeza. Machipukizi yaliyojikunja yote yaondoke. Majani meupe sana yaondoke, bila kutikiswa, ili unga usiruke kwenye majani mazima. Vishada vilivyopasuka viondoke, kwa sababu tunda lililopasuka haliponi. Matawi yanayopandana yapunguzwe. Upande wa mashariki, majani machache yanayofunika vishada yatolewe, jua la asubuhi liingie. Upande wa magharibi yaachwe, jua kali la alasiri lisiyaunguze matunda.

"Kabla ya kuhamia tawi lingine, futa kisu kwa maji haya ya moto," Felicitas alisema, akimpa chupa iliyofungwa kwa sufu. "Kisu kichafu ni tarishi wa ugonjwa."

Walipomaliza, mzabibu ulionekana mwembamba, kama mtu aliyenyolewa. Hewa ilipita katikati yake. Igoki aliuona ukuta wa zamani wa jiko kupitia matawi, ukuta ambao hakuwa ameuona tangu walipohama.

"Haya majani tuyachome hapa?" aliuliza.

"Ungekuwa Meru ningekuambia ndiyo. Lakini moshi nje ya handaki huleta bunduki. Yatie kwenye kiondo, yafunike kwa gunia lililolowa, uyachome mekoni kwako. Usiyatupe shambani."

Langoni Kiambi alifunua gunia, akatazama.

"Leo mmevuna majani? Padri atakunywa mchuzi?"

"Ni ugonjwa huo," Igoki alisema. "Ukiutaka, chukua."

Kiambi aliufunika upesi.

Jioni hiyo Felicitas alikula nyumbani kwa Igoki. Mekoni majani yalikuwa yakiungua, na Teresia alikuwa akimlisha Mbogo.

"Kukata ni nusu ya kazi," Felicitas alisema. "Nusu nyingine ni dawa. Nayo mnayo humu ndani."

"Ipi?" Igoki aliuliza.

"Maziwa."

Kijiko cha Teresia kilisimama hewani.

Walikuwa na ng'ombe mmoja katika zizi la kijiji. Maziwa yake hayakujaza hata kibuyu kidogo, na yote yalikuwa ya Mbogo.

"Kikombe kimoja cha maziwa, vikombe tisa vya maji safi," Felicitas aliendelea. "Unachanganya asubuhi na kutumia asubuhi hiyo hiyo. Unanyunyiza jani lote, juu na chini, kukiwa na jua. Maziwa yakikutana na jua juu ya jani, yanauunguza ukungu. Mtu hayamdhuru. Ila usiyafanye mazito ukifikiri yatakuwa na nguvu zaidi. Yataganda, yatanuka, utaita nzi."

"Mwalimu," Teresia alisema taratibu, "ng'ambo ya mto Thuchi, kwenu huko, maziwa humwagwa ovyo?"

"La, mama. Hayamwagwi."

"Hata hapa hayamwagwi. Maziwa hupulizwa na wazee wanapobariki. Zaidi ya hapo ni ya mtoto. Mume wangu ananyonya hewa, ninyi mnanywesha mti?"

Felicitas alimtazama Igoki.

Igoki aliweka bakuli chini. "Mama, nduma tunayokula imetoka wapi?"

"Shambani."

"Shambani ninafikaje?"

Teresia alimfuta Mbogo kidevu.

"Mzabibu ukikosa matunda, cheti kinakwisha. Cheti kikiisha, mume wako atakunywa maziwa, lakini kesho atakula nini? Siuombei mti, mama. Nakiombea kiondo."

Moto ulilia mekoni. Mbogo alivuta kijiko kutoka mkononi mwa nyanya yake.

"Kikombe kimoja," Teresia alisema mwishowe. "Na nitakwenda mwenyewe. Nione kwa macho yangu maziwa ya mume wangu yanatupwa wapi."

Asubuhi iliyofuata walimwachia jirani mtoto, wakaenda langoni wote watatu.

"Na wewe bibi, wapi?" Kiambi aliuliza.

"Ninamsindikiza mume wangu."

"Yuko wapi?"

Teresia aliinua kibuyu cha maziwa. Kiambi hakuelewa, lakini aliwapisha.

Bomba la misheni la kunyunyizia lilikuwa limepasuka mpira, na mpira mwingine haukupatikana. Felicitas alifunga kifurushi cha majani, akakichovya kwenye ndoo ya maziwa na maji, akapunga. Igoki naye akafanya hivyo. Matone makubwa yaligonga majani na kuteleza. Upande wa chini wa majani ulibaki mkavu. Udongo ndio ulilowa.

Igoki aliona maziwa ya mwanawe yakizama ardhini.

"Mnabariki mchwa," Teresia alisema.

Alikuwa amesimama pembeni, mikono nyuma. Sasa alisogea. Alimnyang'anya Igoki kikombe cha bati, akachota, akajaza mdomo. Alishika jani kwa vidole viwili, akaligeuza. Kisha akapuliza.

Hayakuwa mate, wala halikuwa tone. Ulikuwa ukungu mwembamba, mweupe, uliotoka kati ya midomo yake kama pumzi ya asubuhi ya baridi. Jua liliingia ndani yake na rangi zikaonekana hewani kwa kitambo. Jani likalowa lote, sawasawa, bila hata tone moja kudondoka.

Igoki alisahau kikombe chake. Alikuwa amewaona wazee wakibariki ng'ombe na vijana kwa namna hiyo tangu utotoni. Alikuwa amebarikiwa hivyo siku alipoingia nyumba ya Njuki, na aliyembariki ni huyu huyu. Siku hiyo aliinamisha kichwa, hakuona. Leo aliona. Aliona jinsi mashavu ya yule mama mzee yalivyojaa, jinsi midomo ilivyobanwa kidogo tu, jinsi pumzi ilivyopimwa. Miaka yote hiyo ya kubariki ilikuwa imekaa ndani ya mdomo huo kama ufundi ndani ya mkono wa mfinyanzi.

Felicitas alivua kofia. "Mama," alisema, "nimefundishwa na watu wenye mabomba ya shaba. Sijaona kitu kama hicho."

"Bomba la shaba lilimbariki nani?" Teresia alisema, akachota tena.

"Lakini nisikudanganye. Mdomo si kazi ya shamba zima. Bomba likipatikana, tutatumia bomba. Na mtu asile zabibu hizi kabla ya kuziosha."

"Nioshee na mimi mdomo, nimechoka na maji ya maziwa," Teresia alisema, lakini aliendelea. Aligeuza jani baada ya jani, juu na chini, tawi baada ya tawi, mpaka ndoo ikakauka. Alipofika kwenye kishada cha mwisho alinong'ona kitu kwa Kiembu. Igoki alisikia jina la Njuki ndani yake.

Kabla ya kuondoka, Felicitas aliwaachia maagizo. Rudieni kila juma, asubuhi yenye jua. Mvua ikinyesha, rudieni, kwa kuwa maziwa huoshwa. Kila mkija, geuzeni majani mkague; mkiuona weupe mdogo, toeni jani hilo siku hiyo hiyo. Palilieni chini, magugu yasizuie hewa.

"Wameru mna maagizo mengi," Teresia alimwambia.

"Na Waembu huusikiliza ugonjwa mpaka uzae wajukuu. Tutakutana, mama."

Juma la kwanza Igoki hakuona mabadiliko. Juma la pili aligeuza jani moja, akalipangusa kwa kidole. Kidole kilitoka kisafi. Akapangusa jingine. Weupe wa zamani ulikuwa umekauka, umeacha kovu la kahawia, lakini haukuwa umesambaa. Na kwenye ncha za matawi, majani mapya yalikuwa yamefunguka wazi, ya kijani kibichi, hayajajikunja tena.

Alikaa chini kwenye udongo, akavuta pumzi ndefu. Kisha akachimba nduma.

Kila juma Teresia alikwenda naye. Watu walianza kumwona mama mzee akipita langoni amejinyoosha, kibuyu mkononi. Siku moja Igoki alimsikia akimwambia Mbogo, "Mume wangu, leo utapungukiwa na kikombe. Nawe ulipokuwa mzee ulitoa zaidi ya hapo kwa mambo yasiyo na maana."

Vishada vilivyosalia vilikuwa vichache, lakini vilijaa. Viligeuka kutoka kijani kuwa zambarau, ganda likang'aa.

Padri alikuja siku ya jua, Kiambi akiwa nyuma yake na bunduki. Igoki aliosha kishada kimoja kwa maji ya kibuyu, akampa. Padri aliweka zabibu moja mdomoni, akafumba macho.

"Endelea," alisema.

Lilikuwa neno moja. Lakini Kiambi alilisikia, na Igoki aliona kwamba amelisikia. Kesho yake Kiambi alishusha daraja bila kukiomba cheti.

Baada ya mavuno Igoki alikata tena, safari hii bila kuambiwa. Aliacha matawi makuu machache, akayafunga kwenye fito, kila moja mbali na mwenzake, ili msimu ujao hewa ipite tangu mwanzo. Matawi aliyoyakagua akayakuta mazima aliyakata vipande, akayapanda kwenye mikebe ya zamani kando ya nyumba. Peninah, jirani wa ukutani, aliomba kimoja. Igoki alimpa, pamoja na agizo moja tu: "Usiuonee huruma. Ukate."

Jioni moja, kabla ya lango kufungwa, Kiambi alifika mlangoni kwao. Alisimama kando, akikuna shingo kwa kola ya koti.

"Mama Mbogo. Nina maboga yangu kule nyuma ya kibanda cha lango. Majani yamekuwa meupe. Nilidhani ni vumbi la barabara."

"Umepuliza?" Igoki aliuliza.

"Nimepuliza. Haliruki."

"Umepangusa kwa kidole?"

Kiambi alimwonyesha kidole. Kilikuwa na unga.

Igoki alimtazama kijana huyo. Alikumbuka mzaha wa cheti, na usiku aliokesha akiufikiria. Angeweza kumjibu kwa maneno yale yale, kwamba yeye hufungua na kufunga tu. Akatazama kidole tena.

"Ugonjwa ni wa aina hiyo hiyo," alisema. "Twende tuone."

Maboga yalikuwa yamerundikana, yamejifunika. Igoki alimwonyesha majani ya kutoa. Kiambi aliyatoa bila kuyatikisa, akayatia kwenye gunia. Kesho yake, jua lilipochomoza, alileta kikombe cha maziwa alichokipata kwa shangazi yake, na vikombe tisa vya maji ndani ya debe. Bomba hakuwa nalo. Wanawake waliokuwa wakingoja lango lifunguliwe walisogea kutazama.

"Mama ndiye fundi," Igoki alisema.

Teresia alichota, akapuliza jani moja, taratibu, ili aonekane. Kisha akampa Kiambi kikombe.

Kiambi alijaza mdomo. Alipuliza. Maziwa na maji yalimwagika kidevuni, yakashuka kifuani, yakalowesha vifungo vya koti la serikali. Wanawake walicheka mpaka Peninah akashika mbavu. Kiambi mwenyewe alicheka, akijifuta kwa mkono.

Teresia peke yake hakucheka. Alimtazama kama anavyotazamwa mtoto anayejifunza kutembea.

"Jaribu tena," alisema. "Hujabariki kitu siku nyingi. Mdomo umesahau."

Kiambi aliegemeza bunduki yake kwenye ukuta wa kibanda, akachota kikombe cha pili.